Ruhusa ya Kwaku Brenya

Eno Yaa Pokuaa ana hasira ya kimya na mimi nina hasira ya kelele, ndiyo maana tumeishi ua mmoja miaka yote hii bila kutoana macho. Yeye ndiye mwenye nyumba, na Eno ni jina la heshima tu, kama kusema mama. Mimi mpangaji wa chumba cha mbele, na cherehani yangu iko pale mlangoni kila mtu anaiona. Alfajiri anapika koko, uji wetu wa mahindi wenye tangawizi na pilipili, anauuza karibu na stendi ya magari hapa Effiduase. Ukimletea chombo kichafu anakurudisha nacho kwako ukakioshe, hata kama wewe ni mchungaji wa kanisa. Mchungaji ameshawahi kurudishwa, na alikwenda.

Watu wanamwogopa, nami simlaumu mtu. Lakini ukitaka kumjua Eno, anza na mama yake, ambaye alifariki wakati Kwaku, mtoto wa mwisho, bado anatambaa. Yaa mwenyewe alikuwa msichana mdogo, hajavunja ungo. Baba alikuwa na nyumba nyingine na watoto wengine huko, na sisi Waasante mtoto ni wa upande wa mama, basi mzigo ukabaki pale pale. Yaa akaacha shule. Akambeba Kwaku mgongoni kwenda shamba la kakao, akamtafunia chakula, akamchapa alipostahili, akamsomesha kwa uji. Alipokua, Kwaku akaenda zake Ujerumani, mji unaitwa Bremen, na huko akakwama. Makaratasi yake hayakukamilika. Angetoka asingeweza kurudi, na alishaoa huko.

Miaka ikaenda hivyo, wanapigiana simu Jumapili baada ya kanisa. Kisha Adwoa, binti wa pekee wa Eno, akaugua na kufa.

Kwetu mtoto akifa watu huuliza, mjomba wake yuko wapi? Mjomba ndiye mwenye mtoto. Siku ya maziko ua ulijaa, watu wamevaa nyeusi na nyekundu, wazee wa ukoo wamekaa kwenye viti vyao, na kila gari likisimama barabarani Eno ananyanyua shingo. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake, niliiona ile shingo. Mwisho akashuka mtu tusiyemjua, ametoka uwanja wa ndege moja kwa moja, ameshika boksi. Ndani ya boksi mna tableti, zile za bei ya chini ambazo mgongo wake ni plastiki tupu. Kwaku alikuwa ameomba waishike juu karibu na kaburi, ili na yeye amzike Adwoa kwa kuonana kwenye kioo.

Nadhani alifikiri anafanya jambo jema. Alikesha akiiandaa ile tableti kabla ndege haijaondoka, hiyo tulikuja kujua baadaye. Lakini Eno aliangalia lile boksi, akalifunga, akasimama mbele ya wazee. Akasema: "Nimelea mtu, nimeletewa kioo. Siku yangu ikifika, Kwaku asikanyage kaburini kwangu."

Mkuu wa ukoo aliinua mkono amzuie lakini neno lilikuwa limeshatoka. Watu wakashika vichwa. Neno kama lile, lililosemwa msibani mbele ya wazee, halifutwi kwa kusema samahani. Linatolewa kwa maji: unayajaza mdomoni, unayapuliza chini, na uliyemsema awe anakuona kwa macho yake. Kwaku yuko Bremen, hawezi kuja. Basi neno likakaa. Boksi likaingia kwenye sanduku, chini ya vitambaa vya msiba, na Jumapili simu haikulia tena.

Nimesema yote hayo ili mnielewe kuhusu ile Jumanne.

Asubuhi hiyo nilikuwa nashona sare ya kwaya, simu yangu ikapokea ujumbe wa sauti. Ni Lydia, mke wa Kwaku. Analia na kuongea kwa pamoja. Kwaku ana uvimbe kooni, sauti imeshakwisha kabisa, ukimpigia simu unasikia pumzi tu. Leo saa nane ya kwetu wanatakiwa kumwingiza chumba cha upasuaji wamkate, na wasipomkata leo koo litaziba. Lakini amekataa kutia sahihi. Amewaandikia madaktari kwamba haingii mle ndani na neno la dada yake juu ya kichwa chake. Anataka amwone Eno akilitoa. Na amwone kwa ile tableti aliyomtumia, siyo kwa simu ya mtu mwingine. Akitumia ya mtu mwingine, ameandika Kwaku, nitajua zawadi yangu bado iko kwenye boksi na mimi bado niko nje ya mlango.

Nilimfuata Eno jikoni nikamsikilizisha. Alisikiliza akiwa ameshika mwiko. Nilimwambia, tumia simu yangu, mgonjwa hachagui, tutamweleza baadaye. Akasema hapana. Kasema kwa tableti, iwe kwa tableti. Nikamwambia wazi kwamba yeye na mdogo wake wamenyonya ziwa moja la ukaidi. Akaenda kufungua sanduku.

Ile tableti ilikuwa imekufa. Nikaiweka kwenye chaja na haikuonyesha dalili yoyote kwa muda mrefu, skrini nyeusi tii, mpaka nikaanza kutokwa jasho. Ilipowaka niliirushia bando la simu yangu, nikafungua duka la programu nitafute ile ya kupigia simu za video. Inazunguka tu. Inaniambia hakuna mtandao, na mtandao upo. Nikaizima, nikaiwasha, nikaitukana. Eno alikuwa amekaa kwenye kigoda ameweka mikono mapajani, ananitazama mimi badala ya skrini, na hilo lilinitia kiwewe zaidi.

Halafu nikaona tarehe pale juu. Ilikuwa ya miaka mingi iliyopita, mwezi wa kwanza. Betri ikifa kabisa hizi tableti za bei rahisi zinasahau leo ni lini, na ukienda mtandaoni na tarehe ya zamani hakuna anayekufungulia. Nikaiweka sawa, duka likafunguka. Nikabonyeza kupakua, ikaandika inasubiri. Inasubiri nini? Kumbe imeanza kujisasisha yenyewe, vitu kibao vimepanga foleni mbele yetu, vinakula bando langu. Nikavisimamisha kimoja kimoja. Saa sita ilishapita.

Nikabonyeza tena. Safari hii ikatokea picha ya mtoto mdogo anayecheka, ameshika puto, na maandishi chini yake. Nikayasoma kimoyomoyo, nikacheka kabla sijajizuia.

Eno akauliza inasema nini.

"Inasema umuombe mzazi wako ruhusa."

Akasema mama yake amezikwa, na kama hicho kitu hakijui, kiambiwe. Nikaendelea kusoma maandishi yaliyofuata. Mzazi alikuwa ametajwa jina. Mzazi ni Kwaku Brenya.

Sikutaka kumwambia, lakini ningefanyaje? Nikamwambia. Uso wake ulikunjamana palepale. Akasema kwa sauti ya chini sana, ile ambayo wateja wa uji wanaiogopa: "Mimi niliyemtawaza, ndiye nimuombe ruhusa?" Akajifunga kitambaa chake vizuri, akachukua tableti, akatoka. Nikamfuata mbio na waya wa chaja mkononi.

Alikwenda kwa Nkansah, jirani yetu mwenye duka la kuchapa mabango ya misiba, kwa sababu Nkansah ana kompyuta. Kuta zake zote ni picha za marehemu, wamevaa vizuri, wanakutazama. Bango la Adwoa lilichapwa pale pale, na bado alikuwa amelibandika juu ya mlango kama mfano wa kazi nzuri. Nilimwona Eno akipita chini yake bila kuinua macho.

Nkansah ni mtu wa mizaha, lakini nilipomweleza habari ya Bremen aliacha kazi ya mteja katikati. Akasema kuna njia ya kuzunguka. Ile programu ataishusha yeye kwenye kompyuta, kisha ataihamishia kwenye tableti kwa waya, hakuna kupitia dukani. Nikampa waya wangu. Akachomeka. Tableti ikaonyesha inachaji, kompyuta haikuonyesha chochote. Akachomoa, akachomeka tundu la nyuma, vilevile. Akautazama waya, akanitazama mimi.

"Dada Dufie, huu ni waya wa kuchaji tu. Ndani hauna njia ya kupitisha vitu."

Nilimwambia aache kunisomesha atafute mwingine. Akapekua droo nzima, mikasi ikaanguka, kalamu zikaanguka, akapata waya wa kamera yake. Akachomeka, kompyuta ikalia tiing na jina la tableti likatokea. Tukafungua, ndani hamna kitu, patupu. Nkansah akajipiga paji la uso, akateremsha kidole kutoka juu ya skrini ya tableti, pale penye ujumbe mdogo, akachagua kuhamisha mafaili badala ya kuchaji. Ndipo makabati yote ya mafaili yakaonekana. Akaitupia programu ndani. Nilishusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Akaigusa ile programu ijisakinishe. Yule mtoto mwenye puto akatokea tena. Muombe mzazi wako ruhusa.

Nkansah akajaribu kubadilisha akaunti, ikadai nenosiri la mzazi. Akajaribu kufuta kila kitu tuanze upya, ikadai la mzazi. Akaingia kwenye taarifa za mwenye tableti, akasoma, halafu akasema taratibu, bila mzaha kabisa, kwamba Eno hapa ameandikwa ana miaka tisa.

Tukaelewa wote kwa pamoja. Nani hapa Effiduase wa rika la Eno anajua tarehe yake? Eno anajua alizaliwa Alhamisi, jina lake Yaa maana yake ndiyo hiyo, na anajua nchi ilipopata uhuru alikuwa ameanza kusimama. Basi. Usiku ule Bremen tableti ilimuuliza Kwaku dada yako amezaliwa lini, na ndege inasubiri. Angeweza kuweka tarehe yoyote, Mzungu angeweka yoyote. Kwaku alitafuta Alhamisi. Ukimwandika Yaa siku isiyo yake umemwandika mtu mwingine, siku ndiyo roho ya mtu. Akapekua kalenda mpaka akapata Alhamisi, mwaka akausahau, ukabaki ule ule uliokuwa kwenye skrini, na tableti ikamwambia huyu ni mtoto, mzazi wake nani? Akaandika jina lake, labda akicheka, labda akilia, sijui.

Saa ya ukutani ya Nkansah ilikuwa inaelekea saa saba na nusu. Nikampigia Lydia amwambie mumewe, simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Nikatoa simu yangu nikaiweka mbele ya Eno juu ya meza, nikasema tumia hii, nakuomba. Akageuza uso. Hapo ndipo nilipolipuka. Nilisema maneno ambayo mpangaji hamwambii mwenye nyumba. Nilimwambia kwamba bango la Kwaku litachapwa kwenye mashine hii hii, na nitamshonea nguo ya msiba mwenyewe, bure, aivae na ukaidi wake.

Nkansah akatazama chini. Mtu aliyekuwa anasubiri mabango yake akatoka nje.

Eno akaivuta tableti karibu. Kisha akaniuliza, "Nabonyeza wapi?"

Nikamwonyesha kitufe cha kuomba. Akabonyeza, hakikusikia. Vidole vya Eno vimekomaa kwa moto na mwiko, ngozi ni ngumu, ile skrini ya bei chee haikujua kama ni mtu. Akabonyeza tena, na tena. Nikanyoosha mkono nimsaidie, akaupiga ule mkono wangu.

"Niache. Ni ombi langu."

Akalamba kidole, akakifuta kwenye kitambaa, akakiweka juu ya kitufe taratibu kama anayepima joto la uji. Skrini ikabadilika. Ombi limetumwa kwa mzazi wako.

Kusubiri kule sitamani tena maishani. Labda simu yake wameshaichukua manesi. Labda imezimwa. Labda ameiona, na ameamua na yeye kukaa kimya kama alivyokaliwa kimya. Nkansah alizima mashine ya kuchapa na duka likawa kimya na wafu wake ukutani. Eno alikuwa ameishika tableti kwa mikono miwili, hapepesi macho. Mimi nilikuwa nasali na kutukana kwa zamu.

Ikalia. Kengele ndogo tu. Mzazi wako amekubali.

Kidevu cha Eno kilitetemeka, nikakiona. Programu ikaanza kushuka, inakwenda kwa mwendo wa konokono, bando langu likaisha katikati na Nkansah akarusha la kwake bila kuulizwa. Tukaiwasha. Nikaandika namba, nikapiga. Kwaku akapokea kabla haijaita vizuri.

Sikumtambua. Alikuwa amekonda, amevaa gauni la hospitali, shingo imevimba upande mmoja, na nyuma yake nesi amesimama anatazama saa. Hawakusalimiana. Walitazamana tu, na yule mwanaume mzima mwenye mvi alikuwa anamtazama dada yake kwa macho ya mtoto aliyechapwa ambaye hajui kama ameshasamehewa. Alifungua mdomo, hakikutoka kitu, akaufunga.

Eno akaomba maji. Nkansah akampa maji ya mfuko. Akaung'ata pembeni, akajaza mdomo, akaniashiria niishike tableti ili Kwaku aone mdomo wake na aone na sakafu. Akainama, akayapuliza yale maji kwenye saruji, mbele ya bango la Adwoa. Akajaza tena akapuliza. Akanyanyuka, maji yanamdondoka kidevuni.

"Kwaku, neno nililolisema kwenye msiba wa Adwoa nimelitoa, liko hapa chini. Siku yangu ikifika udongo wa kwanza ni wako. Sasa tia sahihi, mpumbavu wewe."

Akalia Kwaku. Kulia bila sauti ni kubaya kutazama, mabega yanakwenda na hakuna kinachosikika. Nesi akamsogezea ubao wenye karatasi, Kwaku akatia sahihi, akaugeuza ubao tuone. Kisha wakamchukua, na skrini ikabaki inaonyesha dari ya hospitali mpaka mtu akaikata.

Lydia alipiga jioni. Amepona, alisema, anapumua vizuri. Sauti hairudi tena.

Hayo ni ya mwaka jana. Kwaku bado yuko Bremen na bado hana makaratasi. Jumapili wanaonana kwenye tableti, Eno anaongea peke yake na Kwaku anaandika kwenye karatasi na kuinua, na mimi ndiye ninayetupiwa lawama kwa sababu ndiye ninayemsomea Eno. Lakini katikati ya wiki wana namna yao nyingine. Eno anaingia dukani mwenyewe siku hizi, kidole kimelambwa, anaomba programu. Ameomba Biblia, ikaja, akaomba Biblia nyingine. Ameomba tochi. Ameomba kikokotoo, yeye ambaye hesabu zake zote ziko kichwani. Kila akiomba anaiweka tableti kando ya sufuria ya koko na kusubiri, na ikilia ile kengele anakoroga kwa nguvu mpya. Wiki iliyopita aliomba mchezo wa kuku wanaokimbia barabarani. Kwaku akakataa. Eno alimsema asubuhi nzima mbele ya wateja, kwamba mtoto ambaye yeye alimtafunia chakula leo anamnyima kuku, na sijapata kumwona amechangamka vile.

Juzi Nkansah alipita kunywa uji. Akamwambia, Eno, ile miaka tisa inarekebishika, Kwaku akiingia kule kwake abadilishe mwaka mara moja utakuwa mtu mzima, utapakua utakacho bila kumwomba mtu. Nami nikadakia, nikasema ndiyo, tumwambie Jumapili.

Eno aliendelea kumwagia mteja uji mpaka kibakuli kikajaa. Akafuta mikono.

"Tangu mama afe sijawahi kuwa na wa kumuomba ruhusa," alisema. "Niacheni hivyo hivyo."

Nkansah akamaliza uji wake. Akakiosha chombo mwenyewe kabla ya kukirudisha.